Nusu ya Juu ya Dirisha

12 Januari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeshamaliza sare za shule, maana Januari wewe huna ndugu wala jirani, una cherehani tu. Binti yako hajambo huko mjini? Mwambie mjomba wake anamsalimu, na kwamba picha aliyonitumia nimeibandika juu ya meza, mahali palipokuwa na kalenda. Tarehe sasa nauliza dukani.

Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kulia, ambalo limeamua kuishi maisha yake. Mwenye nyumba amepaka ngazi rangi ya kijani isiyokauka, kwa hiyo wapangaji wote tunatembea na viganja vya kijani kama wanachama wa chama kimoja. Kazi ya kusahihisha vitabu nimestaafu, ila yenyewe haijakubali kuniacha. Juzi kwenye duka la dawa nilisoma tangazo ukutani, nikajikuta nimetoa kalamu. Muuzaji akaniambia, "Mzee, huo si mtihani." Ungekuwepo ungecheka na kuniita Bwana Nukta mbele za watu.

Sasa lililonikalisha mezani. Katika barua yako ya mwisho uliandika, kwa kupita tu, kwamba ulipanda treni kwenda mjini kununua vitambaa. Mstari mmoja, basi, ukaendelea na bei ya sabuni. Dada, reli ile nilikuwa naijua kama kiganja changu, nenda rudi kila likizo ya shule. Lakini mara ya mwisho sikuiona. Siku walipotupakia sisi wote ambao baba zetu hawakuzaliwa pale, wewe ukabaki kwa sababu ulikuwa umeolewa na mwenyeji, mimi nilisimama katikati ya behewa na mbele yangu ilikuwa migongo ya watu. Nilipita kwetu kote nikitazama koti la mtu.

Najua ruhusa ya kurudi imetoka miaka sita sasa. Nitakuja. Goti likipoa nitakuja. Kwa sasa nakuomba jambo moja: ukisafiri tena, kaa dirishani unitazamie. Niandikie kila kitu, hata kisicho na maana.

Mdogo wako

4 Machi

Mdogo wangu Nukta,

Marahaba. Barua yako imechelewa sana. Nadhani ilikuja kwa miguu, nayo ina goti bovu. Binti hajambo. Bado anasema ataolewa mambo yakikaa sawa, na mimi nimeacha kuuliza ni mambo gani. Jirani yetu Redio anakusalimu. Unamkumbuka huyo: neno likiingia kwake asubuhi, mchana liko sokoni. Anasema amekuota umenenepa na umevaa viatu vyeupe. Nimemwambia ndoto yake ina makosa mawili.

Nilienda tena mjini wiki iliyopita kwa mambo yale yale ya vitambaa, na nimekutazamia kama ulivyoagiza. Dirisha nililipata kwa kumsukuma mwanamume mwenye begi. Samahani nilimwomba baadaye, nikiwa nimeshakaa.

Stesheni ya kwanza mbwa alikuwa amelala juu ya mzani wa mizigo. Karani amesimama na kifurushi cha mtu mkononi, anangoja mbwa aamke. Mwenye kifurushi akamwambia, "Basi mpime pamoja naye, halafu nikuachie mbwa." Karani hakucheka. Tukaondoka mbwa bado amelala.

Baada ya hapo mashamba. Ukiyaona kutoka juu ya tuta ni kama viraka vilivyoungwa na fundi mwenye haraka, mshono haunyooki, na hakuna aliyepiga pasi. Wanawake wawili walikuwa wanasukana nywele karibu kabisa na reli, treni ikapita hata hawakugeuka. Mtoto mmoja alikimbia sambamba nasi. Amevaa sare niliyoshona mimi, niliijua kwa kola. Alipopunga mkono nilimtazama kwapani kuona kama mshono umeshika. Umeshika.

Wakati wa kurudi nilikaa upande wa pili. Mto umepungua, mawe yametoa migongo. Ukishavuka daraja tu, nyumba ya baba ipo palepale. Mlango umepakwa bluu. Kwenye kamba kulikuwa na nguo za watoto, na mwanamume nisiyemjua alikuwa juu ya paa anang'oa mabati ya zamani. Sijaandika hili ili likuume. Wewe ndiye uliyesema kila kitu.

Goti lako linapoa lini? Nauliza tu. Ningependa kukupokea stesheni wakati bado nasimama vizuri.

Dada yako

25 Machi

Dada yangu,

Shikamoo, na asante. Barua yako nimeisoma hadi imeanza kukatika kwenye mikunjo. Yule mbwa wa mzani nimemsimulia mwenye nyumba, akataka kujua kifurushi kilikuwa na nini. Nimemwambia nitauliza.

Nyumbani kwangu salama. Rangi ya ngazi imekauka, na sasa tunaikosa, kwa maana hatuna tena la kulalamikia pamoja.

Ila umeruka tangi la maji. Ukitoka mjini tangi lilikuwa linakuja kwanza, kisha ule mlima uliokatwa katikati ili reli ipite, kisha daraja. Wewe umerukia daraja. Usikasirike, huu ni ugonjwa wa kazi. Kwa miaka mingi nimelipwa nione kilichorukwa.

Kuhusu nyumba, bluu si rangi mbaya.

Kuja, nitakuja. Mvua za huku zimeharibu barabara ya kwenda stesheni, halafu mwenye nyumba anasafiri na ameniachia paka wake, na huyo paka hali kwa mkono wa mtu mwingine. Baada ya hapo tutaona. Bahati yako wewe, mjini kila mwezi kama mfanyabiashara mkubwa. Utasafiri lini tena?

Mdogo wako

6 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Redio ameng'oa jino na kwa siku mbili mtaa mzima ulikaa bila habari.

Kifurushi sikujua kina nini. Mwambie mwenye nyumba wako kilikuwa na harufu ya viatu vipya.

Nilisafiri Aprili. Tangi la maji lipo, Bwana Nukta, limejaa kutu, na juu yake pamebandikwa sura ya mgombea aliyeshindwa. Mlima uliokatwa upo. Siku hizi umeota majani marefu kwenye pande zote mbili, ukipita ndani yake behewa linakuwa na rangi ya chai. Watu sikuwaona sana safari hii, nilifumba macho kidogo. Kwenye stesheni ya katikati aliingia bibi mmoja akaniuliza kama kiti cha mbele yangu kina mtu. Nikamwambia hakina. Akakikalia, akanitazama, akasema, "Kwani wewe nani anakusumbua nyumbani?" Nikamwambia nina mdogo wangu msumbufu, yuko mbali. Akasema, "Hao wa mbali ndio wabaya."

Binti sasa anakuja kunichukua na kunirudisha. Anasema mzigo wa vitambaa ni mkubwa kwangu. Cherehani nimeipumzisha kidogo, macho yanachoka.

Ukija usilete zawadi. Lete hilo goti.

Dada yako

24 Mei

Dada,

Shikamoo. Nafupisha kwa sababu posta inafunga. Ni mzima, paka ni mzima, mwenye nyumba hajarudi.

Bibi yule wa treni ananidai jibu, lakini nitampa mwenyewe nikimkuta. Safari ijayo nakuomba watu zaidi. Milima naweza kuisoma vitabuni. Nataka kujua wanavaa nini sasa, nani anauza nini chini ya dirisha, wanaagana vipi. Huwa naisubiri safari yako kama mimi ndiye ninayesafiri. Nalala chali naipanga: leo atakuwa stesheni ya kwanza, leo amefika mlimani.

Mwezi wa sita utaenda? Jitahidi uende.

Mdogo wako

28 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Binti yupo nami na anakusalimu. Nisamehe kwa hii penseli, kalamu imegoma.

Nimeenda. Nguzo za simu zilikuwa zinapita, na nyaya zinapanda na kushuka kama mtu anayepumua. Kuna mahali ndege walikuwa wamejipanga juu ya waya mmoja tu, na nyaya nyingine zote tupu. Labda huo ndio wenye maneno matamu. Anga lilikuwa safi hadi tangi la maji. Niliona kofia yake tu. Mlimani niliona ukingo wa juu na miti iliyoinama kama inatuchungulia. Stesheni zote nilizisikia. Kulikuwa na mtu anauza mayai kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba.

Kwenye daraja vivuli vya vyuma vilikuwa vinapita darini mwa behewa, kimoja, kingine, kimoja, kingine, sawasawa na sindano ya cherehani ukiwa na kazi nyoofu. Nimeufurahia sana wakati huo.

Nyumba ya baba nimeona paa. Mabati mapya. Yule mwanamume amemaliza kazi yake.

Sijui kama hii inatosha.

Dada yako

19 Julai

Dada,

Shikamoo. Wote huko natumaini hawajambo. Mimi hivyo hivyo.

Bahasha yako niliifungua nimesimama ngazini, sikuweza kungoja nifike chumbani. Ukanipa nyaya na ndege. Niwie radhi, lakini kazini kwetu mwandishi akianza kutuletea anga na ndege tulijua amechoka na watu wake na anatafuta njia ya kutokea. Treni nzima, stesheni zote zile, na wewe hukuona hata uso mmoja? Hata mwuza mayai umemsikia tu. Halafu penseli, ambayo nusu imefutika njiani, nimeisoma kwa kubahatisha.

Kama kunitazamia kumekuwa mzigo, sema. Mimi si mtoto. Nitanunua ramani.

Mdogo wako

21 Julai

Dada yangu,

Ile barua ya juzi, kama imetangulia, usiisome. Kama umeshaisoma, ichane.

Leo mchana paka aliingia chini ya kitanda akakataa kutoka. Nikalala sakafuni kumvuta. Goti likakataa kuniinua, nikageuka chali nipumzike kidogo, na katika kupumzika nikatazama dirisha. Dirisha lile lile ninalokaa mbele yake kila siku. Mtaa wote uliokuwamo ulikuwa umeondoka: hakuna duka, hakuna mtu. Zilibaki nyaya, ukingo wa paa la jirani, na ndege mmoja. Nikaijua barua yako.

Nikavuta karatasi kutoka mezani, nikaishika juu ya uso wangu, nikajaribu kuandika jina lako. Wino ukakatika. Kalamu ya wino haiandiki ikielekezwa juu, dada. Penseli inaandika.

Umekuwa ukisafiri umelala. Na mtu hapandi treni amelazwa kwenda kununua vitambaa, wala binti hamfuati mama yake nyumbani na kumrudisha kwa ajili ya vitambaa. Hukuwa unashona. Uliniambia mwenyewe kwamba hushoni, mwezi wa tano, na mimi nikakujibu nataka watu zaidi.

Jitahidi uende. Hayo ndiyo niliyokuandikia.

Niambie ni nini. Usinipe maneno ya kunituliza. Nimeshakata tiketi ya treni ya Septemba, ya kwanza niliyopata nafasi, hadi mwisho wa reli. Paka nimempeleka kwa jirani. Amekula vizuri tu kwa mkono wake.

Mdogo wako

16 Agosti

Mdogo wangu Nukta,

Marahaba, ingawa barua yako ya mwisho haina salamu. Barua zako mbili zimefika siku moja, na binti yangu, ambaye adabu sijui aliiacha wapi, akanisomea ile mbaya kwanza. Nimecheka mpaka muuguzi akaja kuona kuna nini. Sijaichana. Iko chini ya mto, maana ni barua ya kwanza mwaka huu kutoka kwa mtu aliyenikasirikia. Wengine wote wananionea huruma hadi nachoka.

Ni tumbo. Lilianza mwaka jana. Mjini kuna hospitali yenye mashine ambayo huku kwetu haipo, ndiyo maana ya treni. Vitambaa vilikuwa kweli mara ya kwanza. Mara ya pili nilikaa dirishani nikiwa na kanga tumboni, nimeikaza, na sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Kisha nikawa na barua yako mfukoni inayoniambia nitazame kila kitu. Nikatazama. Nitakueleza jambo ambalo madaktari hawakuniuliza: ukiwa na kazi ya kutazama, maumivu yanangoja zamu.

Sikukuambia kwa sababu ungegeuka. Ungeanza barua zako kwa pole na kumaliza kwa pole. Kote kwingine nilikuwa mgonjwa, hata Redio alianza kunong'ona akiniona. Kulikuwa na mtu mmoja tu duniani anayenigombeza kwa kuruka tangi la maji, sikutaka kumpoteza.

Sasa nisikilize, hili ndilo muhimu. Usije hadi mwisho wa reli. Shuka mjini. Mimi sirudi tena nyumbani kwa sasa. Wamesema nisisafirishwe, na hawakuongeza neno, nami sikuuliza. Cherehani nimempa Redio, akalia kwa sauti mpaka nikataka kumnyang'anya. Binti atakungoja stesheni, utamjua kwa picha.

Najua kipande cha reli kilichobaki ndicho ulichokuwa unakitaka. Tangi, mlima, daraja, mlango wa bluu. Vyote viko baada ya mji, na treni haingoji. Ukitaka upite ukavione kwanza ndipo urudi kwangu, sitakulaumu. Ila usifanye hivyo.

Na wewe nawe sema. Goti haliogopi treni. Tangu ruhusa itoke nimekuwa nangoja uniambie ni nini.

Naogopa kidogo. Nimeandika ili nisiseme mbele ya binti.

Dada yako

7 Septemba, ndani ya treni

Dada yangu,

Shikamoo. Nitakupa barua hii kwa mkono, kama wajinga wawili, maana mambo ya maana sijawahi kukuambia kwa mdomo na sidhani nitajua pa kuanzia nikikukuta kitandani.

Nimekaa dirishani. Nakuandikia yale ya chini. Kwenye stesheni iliyopita kulikuwa na mwanamke anauza ndizi, kichwani sinia, na mguuni kiatu kimoja ni cha kiume. Mvulana na msichana walikuwa wanaagana bila kushikana, wametazama vidole vya miguu yao, mpaka treni ilipoanza kwenda ndipo msichana akasema kitu. Sikusikia. Mvulana naye hakusikia, nilimwona akiuliza "Nini?" mara kadhaa huku anakimbia. Wanavaa suruali za kubana sana siku hizi, na kola hazina kazi yoyote. Ungetukana.

Kuna mzee mwenzangu humu behewani ambaye tangu jana ananiita Profesa kwa sababu ya miwani. Alipoona tiketi yangu akasema, "Ya hadi mwisho. Huko kwenu?" Nikamwambia ndiyo, ila nashuka mjini. Akasema, "Basi umenunua reli usiyoitumia, Profesa." Nikamwambia nina mtu hospitali. Akanisogezea chai yake.

Umetaka niseme. Si nyumba, wala mlango. Kwa karatasi wewe na mimi hatujapotezana hata siku moja. Niliogopa nitashuka pale, nikutafute kwenye jukwaa, nikupite. Au unipite wewe. Tusimame hatua chache tu kati yetu, wazee wawili, kila mmoja anachungulia nyuma ya mwenzake kumtafuta mtu aliyeondoka akiwa kijana. Nikaona heri goti. Ningekuja mapema ningekukuta umesimama, ulivyotaka. Hili nalijua, huna haja ya kuniambia, na najua hutaniambia.

Majengo yameanza. Maghala, kisha vyumba vya wafanyakazi wa reli, nguo madirishani, mtu ananyoa ndevu nje mbele ya kioo kilichotundikwa ukutani. Ameinua wembe kidogo kutusalimia. Kasi inapungua. Mzee amenishushia begi langu bila kuombwa.

Breki zinalia.

Jukwaa limejaa. Wanaopanda ni wengi kuliko wanaoshuka, wote wanaenda huko kwetu, wana vikapu na magodoro. Binti yako namwona. Picha haikusema uongo. Amesimama karibu na nguzo, mikono ameikunja, anatazama mabehewa ya mbele, bado hajanifikia. Nimemtazama uso kama nilivyokuwa nautazama ukurasa wa mwisho kabla haujapelekwa mtamboni, mstari kwa mstari, na sioni lolote linalosomeka kuhusu wewe.

Amegeuka huku. Nashuka.